Picha Inayokatika Alhamisi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Miaka ile ya vita hapa Bujumbura, asiyeshuku alikuwa ama mtoto mchanga ama marehemu. Nilimshuku muuza mkaa aliyebadilisha njia, nikamshuku jirani aliyenunua kufuli jipya, na mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja nilijiuliza ananitakia nini. Kwa hiyo mdogo wangu Bader alipomleta Gaspard kuishi kwenye kile chumba kilichoko juu ya paa letu, nilimkaribisha vizuri, nikampa godoro na shuka, kisha nikaanza kumchunga.

Nyumba yetu iko mtaa wa Asiatique. Chini ni duka, juu ya duka ni sisi, na juu yetu ni paa la zege ambalo unaweza kutembea juu yake. Marehemu baba alituachia duka la vyombo: sufuria, karai, chupa za chai. Bader hakulitaka. Alikwenda Ubelgiji kusomea uinjinia wa mawasiliano, akarudi na udaktari wake, akaajiriwa kufundisha chuo kikuu. Mtaa mzima ulimwita Profesa kabla chuo chenyewe hakijampa cheo hicho. Mimi Maha, dada yake mkubwa, nilimwita hivyo pia, tena kwa sauti, wateja wasikie.

Gaspard alikuwa msaidizi wake wa chuoni, mwanamume mrefu, mpole, amekwishavuka thelathini, mwenye tabia ya kutazama juu anapotembea, kana kwamba anatafuta kitu kilichokwama kwenye mapaa ya watu. Nyumba yao ya mtaa wa Cibitoke ilipigwa bomu, mama yake akahifadhiwa na majirani, naye akaja kwetu. Hatukumuuliza yeye ni kabila gani. Nyumbani kwetu mgeni haulizwi jambo hilo, baba alitukataza tangu tukiwa wadogo. Lakini mtaani wapo waliotaka sana kujua, na kila mmoja alikuwa tayari na jibu lake.

Kazi ya hao wawili ilikuwa kupitisha picha hewani bila waya. Kule Kajaga, ufukweni mwa ziwa, kwenye nyumba ya binamu yetu Amissi, walifunga kamera juu ya mota ndogo. Hapa kwenye paa letu walifunga antena, na antena hiyo waliitengeneza kwa karai kubwa kuliko yote dukani mwangu. Kisha kulikuwa na kofia. Bader alichukua kofia ya pikipiki, akatia ndani yake vioo viwili vidogo vya kamera za video, mbele ya macho. Ukiivaa unaiona Kajaga. Ukigeuza kichwa kushoto, kamera kule nayo inageuka kushoto. Bader alisema siku moja daktari atakaa mjini na kumtazama mgonjwa aliyeko porini, mwalimu atawafundisha wanafunzi asiokaa nao, na mtu ataweza kuwa mahali ambapo miguu yake haimfikishi.

Nilicheka, mpaka aliponivalisha. Nilikuwa sijafika Kajaga tangu magari yaanze kushambuliwa njiani. Ghafla nikauona mchanga, nikaona mitumbwi imepinduliwa, nikamwona Amissi anajikuna mgongo kwa kijiti. Nikamwita kwa jina. Bader na Gaspard wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi ndani ya kofia nilikuwa nalia, nashukuru hawanioni.

Sasa, kila Alhamisi picha ilikatika. Siku nyingine ilikuwa nzuri, Alhamisi asubuhi inaanza kujaa vumbi-vumbi, halafu inazima kabisa, na jioni inarudi yenyewe. Mwanzoni tulitania kwamba Amissi anazima mashine ili apate kulala. Utani uliisha Alhamisi moja, picha ilipokatika na kabla ya adhuhuri bomu la waasi wa milimani likaanguka nyuma ya soko. Lilimuua mama mmoja na mwanawe.

Habari za kofia inayoona mbali zilikuwa zimeshaenea. Watu wakaunganisha mambo. Mashine inaona mbali, mashine inakatika, bomu linaanguka. Basi yuko mtu juu ya paa lile anayewaonyesha wa milimani pa kupiga, na kukatika kwa picha ni ishara yake. Nani? Hawakumtaja Bader, mtoto wa Asiatique. Walimtaja yule mrefu anayetazama juu.

Mzee Sultani alikuja dukani na kuketi. Alikuwa muuza matairi, mwili mkubwa, sauti ndogo, na ndiye aliyeongoza kamati ya ulinzi ya mtaa. Mtu ambaye kamati ilimkabidhi kwa wanajeshi, nguo zake tu ndizo zilizorudi nyumbani. Nilimmiminia kahawa, Bader akashuka kumsalimu, nikampa naye kikombe.

"Professeur, mutoto wangu," Sultani akaanza, "ile mashine yako ya pale juu, juu ya sababu gani inakufa kila Alhamisi? Iko na ugonjwa?"

"Apana, mzee. Mashine iko muzima."

"Haina kosa?"

"Haina kosa."

"Basi kama mashine haina kosa, mutu ndiye iko na kosa."

Nilingoja Bader ajibu. Alitazama kikombe chake, akakizungusha, akanywa. Sultani akatikisa kichwa polepole, akaniambia kahawa yangu nzuri, akaondoka.

Nami nilikwisha kuwa na ushahidi wangu. Gaspard alinunua betri nyingi kuliko redio zake. Alisimama pembeni mwa paa akitazama milima, midomo ikimcheza. Alipiga mluzi, na mimi sipendi mtu anayepiga mluzi akiwa peke yake. Zaidi ya yote, kila Alhamisi asubuhi alitoka, bila kusema anakwenda wapi, akarudi mchana na kifuko mkononi. Nilipomwuliza alisema tu, "Profesa amenituma." Nikajiambia, huyu anakwenda kuwaona wenziwe. Na Bader, na akili zake zote za Ubelgiji, haoni kitu.

Wiki iliyofuata Bader hakuwa na nafasi ya kuona kitu. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mwalimu wa mambo hayo hayo, na wageni wawili walikuwa wanakuja Jumatatu kutazama kazi yake. Alikuwa ameshatuma na makala. "Dada, ile poste ya Ulaya nikipata, na we unatoka hapa," aliniambia, na macho yake yalikuwa yale ya utotoni akiomba pipi. Niliamua kumsaidia. Alhamisi ile nitamkamata Gaspard mwenyewe, kwa macho yangu, kabla wageni hawajafika.

Nilipanda juu asubuhi, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Magoti yananiuma, jua linanichoma, nimeshika mwiko wa pilau kwa sababu ndicho kitu kizito nilichokikuta njiani. Gaspard hakuwapo, ameshatoka. Aliyekuwapo ni Léoncie, mama anayetufulia sisi na nyumba mbili za jirani, maana paa letu ndilo linalopata jua. Alhamisi alifua kanzu, ili Ijumaa wanaume waende msikitini wasafi. Alikuwa anazianika kwenye kamba inayopita mbele kabisa ya karai langu. Hilo halikunishtua. Lililonishtua ni kwamba kanzu zilipoanza kukauka alizianua, akazichovya tena kwenye beseni, akazirudisha kamba ile ile zikichuruzika maji.

Nikatoka nyuma ya tangi. Alipiga kelele.

"Léoncie, unafanya nini? Unazilowesha tena juu ya nini?"

"Ni Professeur anasema hivyo," alijibu, mkono kifuani. "Wiki ya tatu sasa. Anasema zisikauke mupaka aniambie. Mi nilizani we unajua."

"Bader?"

"Ego, ndiyo. Tangu Gaspard amuambie ile mambo ya nguo. Ulikuwa hauko? Gaspard alikuja hapa Alhamisi moja, akatoa kanzu moja kwa kamba, akaangalia mashine, akarudisha kanzu, akaanza kuruka-ruka hapa sawa mutoto. 'C'est l'eau! C'est l'eau!' Eti ni maji, maji ya nguo inakunywa ile picha. Akamuita Professeur, wakacheka wote wawili. Kisha Professeur akaniambia nisimuambie mutu."

Sikujua niketi au nisimame. Wiki ya tatu. Sultani alikuja kunywa kahawa wiki iliyopita.

Nilimkuta Bader ndani ya chumba cha Gaspard, mbele ya mashine, anapima. Hakushangaa kuniona. Nadhani alisikia kila kitu, mlango ulikuwa wazi.

"We unajua ni kanzu," nilimwambia.

"Maha, punguza sauti."

"Unajua ni kanzu, na wanasema ni Gaspard. Na kila Alhamisi we ndiye unamutuma nje."

"Mi sikumusema vibaya. Mi nilinyamaza tu."

"Sultani alikuuliza!"

"We mwenyewe ulikuwa pale. Nawe ulikuwa unamushuku kuliko wote." Hapo alinipiga mahali panapouma, naye alijua. Kisha akalainika, akanishika mkono. "Sikiliza, dada. Ile makala nimetuma ni hii ya nguo na maji. Hakuna mutu amepima hivi katika muji wa watu, na nguo zao, na maisha yao. Ndiyo wale wazungu wanakuja kuona. Jina juu yake ni moja tu, langu. Nikisema sasa mbele ya watu kwamba ni kanzu, Gaspard atasema ni yeye alianza. Ngoja Jumatatu ipite. Nitamutafutia kitu kizuri."

"Na kama Jumatatu hayuko tena?"

Akarudi kutazama mashine. Nilimpenda ndugu yangu tangu nilipombeba mgongoni, na pale pale, nimesimama nimeshika mwiko, nilimchukia.

Ndipo nikasikia vishindo chini. Vijana wa kamati walikuwa wamemkuta Gaspard anarudi kutoka sokoni. Mfuko wake walikuwa wameumwaga barazani: risasi ya kuchomelea waya na betri. Kwao neno risasi lilitosha. Walimsukuma ndani ya stoo yangu bila kumwuliza neno, katikati ya masufuria, wakakaa mlangoni. Sultani alisema baada ya alasiri atapelekwa kambini. Gaspard hakupiga kelele. Aliniona juu ya ngazi akaniambia, "Mama Maha, muite Profesa. Yeye anajua wapi nilikuwa." Alisema kwa utulivu wa mtu mwenye shahidi.

Nilimwendea Sultani. "Mzee, panda juu na mimi."

"Mama, hii kazi si ya wanawake."

"Ni kazi ya kufua. Ya nani basi?"

Sijui ni jeuri yangu au ni udadisi wake wa ile kofia, lakini alipanda, anahema kila ngazi. Bader alitoka chumbani, uso umemkauka. Sikumtazama. Nilichukua kofia nikamvalisha mzee kichwani, ikagoma masikioni, nikaisukuma.

"Unaona nini?"

"Kiza. Na vumbi-vumbi."

Kamba nzima ilikuwa imejaa kanzu zinazochuruzika. Mbele kabisa ya karai ilining'inia moja pana kama hema, na kila mtu mtaani aliijua ilikuwa ya nani. Nikamwashiria Léoncie, tukazianua zote kwa pamoja, tukazitupa kwenye beseni.

"Ya Allah!" Sultani alipiga hatua nyuma. "Maji! Mitumbwi! Yule si Amissi?" Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akanyoosha mkono kutaka kushika kitu. "Amissi! Salaam alaykum!"

Sikucheka. Niliitoa ile kanzu pana kwenye beseni, nikaitandaza kambani, maji yananiingia viatuni. Mzee akashusha mkono.

"Imekufa," akasema.

Nikaianua. "Imerudi." Nikaitundika. "Imekufa." Nilifanya hivyo mpaka mikono ikanichoka na vijana wawili waliokuwa wamepanda kutazama wakaanza kunisaidia. Mwishowe nikaitundika, nikamvua mzee kofia, nikamwonyesha kwa macho yake mwenyewe kilichosimama kati ya karai na Kajaga.

"Hii ni kanzu yangu," Sultani alisema.

"Ni yako. Umutoe Gaspard mule ndani, uingie we."

Mtu mwingine angenikasirikia. Yeye aliishika ile kanzu, akaikamua kidogo, akayatazama maji yakidondoka. Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Professeur. Ulijua?"

Bader alilamba midomo. "Nilikuwa bado napima, mzee."

Sultani akaiachia kanzu. Alishuka, akafungua stoo kwa mkono wake, akamwomba Gaspard msamaha mbele ya vijana wote. Lakini Gaspard alikuwa anamtazama Bader, aliyebaki kwenye ngazi, na mimi nilikuwa namtazama Gaspard. Nikaona anaelewa kimoja kimoja: Alhamisi zile, kutumwa sokoni, ukimya. Shahidi wake alikuwa hapo juu muda wote.

Alifunga vitu vyake jioni ile ile. Nilimsihi abaki, nikamwambia chumba ni changu, si cha Bader. "Mama Maha, nyumba yenu ni nzuri," alisema. "Lakini mi nitalala namna gani humu?" Alipofika mlangoni akageuka. Akaniuliza kama kanzu moja iliizima picha yote ama ilibaki vumbi-vumbi. Nikamwambia ile ya Sultani iliiua yote. Akatikisa kichwa kwa furaha kabisa, furaha ya kweli, akajaribu kuificha, kisha akaenda zake Cibitoke kwa mama yake. Nililia kwa ajili ya furaha ile kuliko kwa yote mengine.

Jumatatu wageni walikuja, wakavaa kofia, wakapiga makofi. Makala ilitoka na jina moja. Kazi ikapatikana, na kabla mwaka haujaisha Bader alikuwa na tiketi. Mtaani walisema Asiatique imetoa profesa wa ukweli sasa. Gaspard alikuwa anatengeneza redio kwenye kibanda cha Cibitoke. Chuoni hakurudi, maana msaidizi bila profesa wake hana wa kumsaidia. Nilikuwa nampelekea mchele. Hakuwahi kumsema Bader vibaya, nami nilisema kwa niaba ya wote wawili.

Siku ya safari majirani walijaa sebuleni. Dua ikasomwa, na Bader akazunguka, kama inavyompasa msafiri, anamshika kila mtu mkono na kumwomba radhi kwa lolote alilomkosea, na kila mtu anamwambia nimekuwia radhi. Sultani alimwambia, lakini alichelewa kidogo. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Dada yangu, niwie radhi."

"Yangu umepata," nilisema, na watu wote wakisikia. "Ya Gaspard utaichukua njiani. Anakungoja Cibitoke, dereva anajua."

Watu wakaitikia amin. Bader akanibusu mkono, akasema insha'Allah.

Nilipanda naye gari. Muda tulikuwa nao, mimi mwenyewe nilihakikisha tumetoka mapema. Tulipokaribia, nilimwona Gaspard amesimama pale barabara ya vumbi inapokutana na lami, shati jeupe limepigwa pasi, mikono nyuma. Dereva akaanza kupunguza mwendo.

"Apana," Bader akasema. "Endelea tu. Avion itaniacha."

Dereva akanitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa namtazama Gaspard. Tukapita. Gaspard aliinua mkono kutupungia, akidhani hatukumwona, na ndugu yangu alikuwa anahangaika na zipu ya begi lake iliyokuwa imeshafungwa.

Uwanja wa ndege alinikumbatia, akaniambia ataniita nikatembee. Nilimwacha anikumbatie mpaka amalize.

"Bader, ile radhi niliyokupa nyumbani."

"Eeh, dada?"

"Nirudishie."

Alicheka, akidhani ni utani wetu wa siku zote. Nikamwambia mara ya pili, mbele ya dereva na askari wa mlangoni, kwamba nimeiondoa, aende bila hiyo. Kicheko kikamfia. Akafungua mdomo, foleni ikamsukuma ndani. Mimi nikarudi kwenye gari, nikamwambia dereva anipeleke Cibitoke.